Swali la Kumi na Mbili

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu, ujaze viganja, zinazobaki mgawie wifi yangu na watoto. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua na kukosea kila mara. Nyie je? Kile kikohozi cha kitinda mimba kimeisha, au bado kinawaamsha kabla ya jogoo?

Mama amenipigia jana. Amechoka kusikiliza kesi zetu: wewe unamwambia nimekukatia simu, mimi namwambia umenikatia. Ametoa amri tuandikiane, maana karatasi haina kitufe cha kukata. Nimetii. Nawe utii.

Nimepata kazi. Ile kamati ya elimu ya pombe mashuleni imenichukua nipime wanafunzi wamejifunza nini. Unanijua, nimepiga kelele magazetini miaka ishirini kwamba nusu ya elimu ya pombe ni mahubiri na nusu ya pili ni picha za maini yaliyooza, na kwamba hakuna anayejisumbua kuuliza mtoto ametoka darasani na kitu gani. Sasa wameniambia, haya, uliza wewe. Mchawi kapewa mtoto alee.

Shule ni nane, wanafunzi mia tatu na kumi na mmoja. Kila mmoja amejaza fomu ya maswali ishirini, unaweka alama kwenye Kweli au Si kweli. Maswali mengi yaliletwa na wanakamati, machache nimeyatunga mimi, na yote nimeyanyoosha. Mwalimu alitolewa nje, karani akasimamia. Bahasha zimekuja na namba tu, bila majina ya shule, ili nisipendelee.

Shule saba zimefanya vizuri, wastani wa kumi na saba kwa ishirini. Ila namba sita, mdogo wangu. Wastani wa kumi. Fomu zao zina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Mmoja ameandika pembeni, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Sina hakika, kwa hiyo sijaweka alama." Wiki sita za masomo halafu hana hakika. Mwalimu wao ama alikuwa anasinzia, ama yeye mwenyewe ni mteja wa hiyo bidhaa.

Kamati imeamua shule itakayoshika mkia itafutiwa masomo, ipelekewe gari la vipaza sauti na hayo maini. Gari silipendi, lakini kwa hao sitamwaga chozi.

Jambo moja nimelishinda: karatasi ya majibu sahihi itapelekwa kila shule, ibandikwe ukutani. Kamati ilitaka kuifungia kabatini. Nikawaambia mwanafunzi ana haki ya kujua alipokosea. Walininunia, lakini wamekubali.

Niandikie. Na usiandike kwa kalamu ya risasi, macho yangu si yale.

Dada yako


Tarehe 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, salamu nimezigawa. Kikohozi kimeisha, sasa ni jino. Wifi yako anauliza hilo goti unalisugua kwa dawa au kwa hasira.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliacha kucheka. Mara ya tatu nilimpa wifi yako aisome yeye, akasema, "Mwambie tu."

Shule namba sita ni yangu, dada. Huyo asinziaye ndiye mimi.

Nimejua kwa yale maneno ya pembeni. Hayo ni maneno yangu, nayasema darasani kila siku. Sikukuambia kwamba nafundisha somo hili kwa sababu mara ya mwisho tulipoongea kuhusu pombe na shule ulinitangazia kwamba walimu wa biolojia ni makasuku waliovaa koti jeupe, halafu simu ikakatika. Sisemi nani aliikata.

Sina kinyongo. Nina hamu tu ya kujua. Niliwafundisha watoto thelathini na wanane kwa wiki sita. Siku ya kwanza nilipiga mistari ubao wote, nikawaambia wataje kila walichowahi kusikia kuhusu pombe, cha kweli na cha uongo, nikaandika vyote. Vilikuwa hamsini na nne. Kila kipindi tulichukua vichache, tukavichunguza, tukavifuta au tukavipigia mstari. Walikuwa wanabishana mpaka kengele ya pili. Wameanza kuniita Mwalimu Ini, na silikatai jina.

Sasa wamepata kumi kwa ishirini. Kama sikuwafundisha kitu, nataka nijue. Kama nimewafundisha kitu ambacho fomu yako haikioni, nataka nijue hilo pia. Na hayo masomo yakifutwa, hakuna mwingine hapa wa kuyafundisha. Litakuja gari.

Fomu sijaiona. Unaweza kunionyesha?

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi sijambo kwa mwili. Goti nalisugua kwa vyote viwili, mwambie wifi.

Nimekaa wiki tatu bila kujibu. Wiki ya kwanza nilikuwa nimekukasirikia kwa kuniacha nikutukane bila kujua. Wiki ya pili nilijikasirikia. Ya tatu nilifanya kazi.

Fomu siwezi kukuonyesha. Na kamati sijaiambia kwamba wewe ni ndugu yangu. Nikisema leo, wataniondoa na kazi wataikabidhi kwa yule bwana wa maini. Kwa hiyo nimenyamaza, na hunijui kwa kunyamaza, nami sijijui.

Lakini nimezirudia fomu zenu moja moja, juu ya meza ya jikoni, na nimeona kitu ambacho wastani ulikuwa unanificha. Watoto wako hawajakosea, dada mtu ndiye aliyesoma vibaya. Wameacha wazi maswali manane, tisa, kumi. Pengo linahesabiwa kosa, ndiyo kanuni. Walikoweka alama wamepatia karibu kote. Sasa nieleze, mtoto aliyefundishwa anaachaje wazi swali la Kweli au Si kweli? Hata nyani angerusha shilingi. Shule nyingine saba hazina pengo hata moja.

Na kuna kitu cha ajabu zaidi. Swali moja tu mmelikosa. Mmelikosa wote, thelathini na wanane kwa thelathini na wanane. Huwezi kupata hivyo kwa bahati mbaya. Watoto wakikosea hutawanyika kama kuku, huyu huku, yule kule. Wakikosea kwa mstari ulionyooka ujue kuna mtu aliwapanga. Ni swali jepesi, mdogo wangu, la mambo ya nyumbani. Uliwaambia nini?

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, jino limeng'oka lenyewe na mwenye jino ametembea nalo mfukoni siku nzima akiwaonyesha watu.

Nimewauliza watoto kuhusu mapengo. Nakuandikia yalivyosemwa.

Nikasema, "Mbona mliacha wazi?"

Yule mrefu wa dirishani akajibu, "Mwalimu, si ulisema usichokijua kiache wazi? Pengo ni jibu la mkweli."

"Nilisema kwenye daftari. Ule ulikuwa mtihani."

"Hukutuambia kwamba kwenye mtihani tudanganye."

Darasa likacheka, nami nikacheka, ningefanyaje. Nikauliza ni maswali gani walishindwa. Wakakumbuka moja lisemalo kwamba glasi moja ya pombe huua chembe elfu kumi za ubongo. Msichana mmoja akauliza, "Nani alizihesabu, mwalimu?" Mwingine akasema, "Na glasi ya ukubwa gani?" Jingine lilisema ini la mlevi huoza baada ya miaka kumi. Wakauliza, mlevi wa kiasi gani?

Kwa hiyo pengo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Niliwafunza kutobahatisha halafu nikawapeleka kwenye fomu inayowapa alama wanaobahatisha. Hilo kosa nalibeba.

Lakini leo asubuhi karatasi yako ya majibu sahihi imefika, na mkuu wa shule ameibandika kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi, kwa gundi ile isiyobanduka. Nimesimama nikaisoma.

Swali la kumi na mbili: "Mtu aliyelewa akilala, aachwe alale mpaka pombe imtoke." Jibu sahihi: Kweli.

Dada, hilo ndilo tuliloshinda nalo kipindi kizima. Watoto wangu wamesema Si kweli, na si kweli. Mtu anaweza kulala huku pombe aliyokunywa mwishoni bado inaingia kwenye damu, kwa hiyo anazidi kulewa akiwa amelala. Akilala chali akatapika, anapaliwa na kufa kimya. Haachwi. Analazwa ubavu, mtu anakaa naye, anasikiliza anavyopumua, na akiwa haamki hata kwa kutikiswa anapelekwa hospitali mbiombio. Kahawa haimsaidii, maji ya baridi hayamsaidii.

Swali hilo alilitunga nani?

Mdogo wako


Tarehe 13 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Wote wazima.

Nililitunga mimi. Na nashangaa unauliza, wewe uliyelelewa nyumba moja nami. Mlevi haamshwi. Tuliambiwa hivyo kabla hatujajua kufunga viatu. Mama alilisema kila baba alipojitupa kitandani na viatu vyake, tukapita kwa vidole tukatoka nje kucheza. Akalala, akaamka, akaomba maji. Tumeliona kwa macho yetu mara mia.

Kamati ya watu kumi na moja ililipitia swali hilo. Mmoja ni muuguzi mstaafu, ingawa siku ile hakuja. Hakuna aliyenyanyua kidole. Mwenyekiti alisema, "Hili hata mtoto analijua." Nilitaka swali moja jepesi, la kuwatia moyo.

Usinifundishe nyumba yetu.

Dada yako


Tarehe 27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini goti linakuacha utembee. Huku hatujambo.

Sikutaka kubishana nawe, kwa hiyo nilikwenda kwa mwenye maneno. Jumapili iliyopita nimeshinda kwa mama. Ana afya, anakula, na bado anakunja shuka kama yuko kazini: pembe kwa pembe, halafu analipiga kofi. Nilishika upande mmoja naye akashika wa pili, tukawa tunakunja tunaongea.

Nikamuuliza, "Mama, ule msemo wa mlevi haamshwi uliutoa wapi?"

"Kichwani mwangu. Kwani una wenyewe?"

"Dada ameuweka kwenye mtihani."

"Mtihani wa nini?"

Nikamweleza. Akaacha kukunja. Akasema, "Hebu vuta hapo, linaburuta." Nikavuta. Akasema, "Ule ulikuwa wenu nyinyi. Baba yenu akiamshwa ghafla alikuwa anarusha mkono kabla hajafungua macho. Dada yako alikula kibao akiwa na miaka saba, kwenda tu kumwambia chakula tayari. Alikusimulia?"

"Hapana."

"Basi hata yeye amesahau, au anajifanya. Tangu siku ile nikatunga sheria, mlevi haamshwi. Nanyi mkatii, maana mlikuwa waoga."

"Na baba je? Aliyelala?"

"Baba yenu nilikuwa naye mimi."

Dada, nakuandikia kama alivyosema. Alisema alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita, na shuka lina habari zake. La aliyetapika amelala ubavu lina doa pembeni, unalifua linarudi kitandani kwa mtu yule yule. La aliyetapika chali lina doa katikati, na mara nyingi lilishuka pamoja na taarifa kwamba kitanda kiko wazi. Akaona moja, akaona mbili, akaenda kumuuliza nesi. Nesi akamlaza mwenzake sakafuni pale pale kwenye chumba cha kufulia, akamwonyesha.

"Kwa hiyo nilikuwa namgeuza," akasema. "Namwekea mto mgongoni asirudi chali, nakaa."

"Tulikuona ukiingia na mto."

"Mlidhani wa kichwani."

Nikamuuliza mbona hakutuambia. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini jua linatoka. "Mlikuwa watoto. Kazi yenu ilikuwa kukaa mbali. Ningewaambia, mngekuwa wauguzi mkiwa na miaka minane."

Baba aliacha pombe mwenyewe baadaye, akaishi miaka kumi na mitatu bila kuigusa. Nilidhani alikuwa na bahati na mwili wa chuma. Kumbe alikuwa anageuzwa.

Nilipoaga mama akasema, nami nalileta lilivyo: "Mwambie dada yako wa vitabu, mimi nilitunga sheria ya nyumba moja. Sikujua ataipeleka shule nane."

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zangu, na zifike kwa kila mtu, hata kwa mwenye pengo. Ninakula, ninalala kidogo.

Kibao nakikumbuka. Nilikuwa nimekiweka mahali pengine, kwenye mafaili ya ukali wa baba, na ile sheria nikaiweka kwenye mafaili ya hekima ya mama. Sikuwahi kuyafungua mafaili mawili kwa pamoja. Miaka arobaini nimesoma kila kitu kilichochapwa nikapata, nimewararua watu magazetini kwa kunukuu wasichokielewa, na lililonishinda ni sentensi ya mama yangu mwenyewe. Tulijifunza aliyoyasema. Aliyoyafanya, mbele ya macho yetu, na mto mkononi, hatukujifunza.

Haya, kamati. Nilisimama juzi nikasema mambo mawili. La kwanza, jibu la swali la kumi na mbili ni la uongo, na wanafunzi mia mbili na sabini na watatu wamepewa alama kwa kulikosea. La pili, mwalimu wa namba sita ni mdogo wangu, tumbo moja, na nimelijua hilo tangu Machi.

Mwenyekiti alivua miwani. "Kwa hiyo ulinyamaza miezi miwili, na leo umekuja na sahihisho linaloipandisha shule ya ndugu yako."

"Shule ya ndugu yangu ikae mkiani ukipenda. Nazungumzia jibu."

"Kosa moja kati ya ishirini. Asilimia tano. Linavumilika."

"Mwenyekiti, ukila wali wa punje ishirini, na mojawapo ni sumu, unavumilia asilimia ngapi?"

Yule muuguzi mstaafu, aliyekuwapo safari hii, akasema taratibu kwamba jibu ni la uongo kweli, na kwamba ameona watu wakiletwa wamechelewa kwa sababu waliachwa walale. Hakuna aliyembishia. Lakini hakuna aliyetazama karatasi tena, wote walikuwa wananitazama mimi. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Ningesema Machi kwamba wewe ni ndugu yangu, leo neno langu lingekuwa sahihisho. Nimesema Mei, limekuwa upendeleo. Ukweli ule ule, nimeuvisha nguo chafu kwa mikono yangu, kwa sababu tu sikutaka kupokonywa kalamu.

Wameniondoa. Masomo yako yamesimamishwa, siyo yako tu, ya shule zote, mpaka kikao cha Julai. Barua utaipata. Samahani kwa hilo, na neno hilo hujanisikia nikilitumia mara nyingi.

Lakini masomo yanaweza kungoja, ukuta hauwezi. Nilipigana karatasi ile ibandikwe, kumbuka, nilijivunia. Sasa iko kwenye kuta za shule nane, ina muhuri, na inawaambia watoto wamwache mwenzao alale. Mahafali ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Unajua wanavyosherehekea baada ya hotuba, na vinavyopita chini ya meza. Mwenyekiti nilimwambia hilo. Akasema, "Julai."

Nimemaliza kungoja watu. Kwako ng'oa mwenyewe, gundi au si gundi. Saba zilizobaki nitazipitia mimi.

Dada yako


Tarehe 12 Mei

Dada,

Shikamoo. Sote wazima. Barua ya kusimamisha masomo nimeipata, mkuu wa shule ameniomba radhi kana kwamba aliiandika yeye.

Karatasi imetoka kwa maji ya moto na kisu cha jikoni, ukuta nao umetoka kipande.

Kuna jambo nataka kukwambia kabla hujaondoka, usije ukadhani namba sita ni kijiji cha wenye hekima. Baada ya barua yako niliwaambia watoto waweke madaftari chini. Nikamlaza mmoja sakafuni, nikasema, huyu amelewa, haamki, fanyeni. Wale wale thelathini na wanane waliojibu Si kweli. Dada, walisimama. Mmoja akamshika mguu akauachia. Mmoja akasema, "Tumlaze ubavu," na wote wakaitikia, "Ndiyo, ubavu," na hakuna aliyejua mkono wa kwanza unaanzia wapi. Yule wa sakafuni mwishowe akajigeuza mwenyewe kwa huruma.

Kwa hiyo fomu yako ilikosea kwa upande wake, na hata ingekuwa na jibu sahihi ingenipa alama nisizostahili. Walilijua neno. Nilikuwa nimefundisha neno.

Tumeanza upya, baada ya saa za masomo, bila jina lolote ili isiwe tunavunja amri. Wawili wawili, kwenye mikeka. Bado sijui siku yenyewe watafanya nini, mtu mwenyewe akiwa mzito, ananuka, wenzao wanacheka. Sijui hilo linapimwaje. Ukipata wazo niandikie.

Huko uendako usibandue tu. Waonyeshe.

Mdogo wako


Tarehe 24 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya shule ya saba, nikingoja basi. Mimi mzima, goti limevimba na lina haki. Wasalimie wote. Mama mwambie nitafika kwake Jumapili, asipike sana.

Nimemaliza. Siku tisa. Shule tatu walinipokea vizuri. Mbili walinidai barua ya kamati, nikawaambia kamati ni mimi, jambo ambalo lilikuwa kweli mpaka mwezi huu. Moja mkuu wa shule alikataa katakata: "Kilichobandikwa kwa muhuri hubanduliwa kwa muhuri." Tulibishana saa nzima mbele ya ule ubao. Mwishowe akaniruhusu niandike chini yake kwa kalamu yangu, nitie sahihi na tarehe, ili likiharibika jambo lijulikane ni la nani. Niliandika mistari sita. Ni maandishi bora niliyowahi kutoa na hayana hata tusi moja.

Shule ya saba ndiyo ninayotaka kukusimulia. Nilikuwa nabandua kwa kucha, saa ya mapumziko, nikahisi mtu nyuma yangu. Msichana, kiranja wa afya, kitambulisho kifuani, mikono mgongoni kama mkaguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hiyo karatasi ni ya shule."

"Ni yangu. Niliiandika mimi."

"Kwa nini unaitoa?"

Nikamwambia jibu la kumi na mbili si sahihi. "Mimi nilipata ishirini kwa ishirini," akasema. Nikamwambia, basi ulipata kumi na tisa. Hakupenda. Akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Mwezi uliopita uliandika ni kweli, kwa muhuri. Leo umekuja bila muhuri unasema si kweli. Tukuamini kwa lipi?"

Mdogo wangu, unajua nimeishi kwa kujibu watu. Nilitafuta hoja. Nilikuwa na ya damu, nikawa na ya mashuka ya mama, nikawa na ya muuguzi mstaafu. Zote zilikuwa karatasi nyingine tu juu ya karatasi. Wenzake walikuwa wameshakusanyika, kama ishirini hivi, wanatafuna, wananitazama.

Nikalala chini. Pale pale kwenye sakafu ya ukumbi, na gauni langu jema, na miaka yangu hamsini na mbili. Nikasema, "Nimelewa, siamki. Nitawaambia mkono uendako, nyinyi mnafanya. Halafu mtafanya bila mimi kusema." Kulikuwa na kicheko, ndiyo, na mmoja akasema mama huyu amelewa kweli. Kiranja akapiga magoti. Nikamwelekeza: mkono wangu wa karibu nje, wa pili shavuni, goti la mbali juu, vuta kwako. Akavuta. Nikageuka.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kunyanyuka. Akaniwekea kiganja begani.

"Bado," akasema. "Umejigeuza mwenyewe. Nimekuhisi. Umekaza shingo."

"Nimekaza?"

"Mlevi hajishikilii, mama. Ukinisaidia, nitajuaje kama naweza?"

Hakuna mtu aliyewahi kunirudishia kazi yangu kwa maneno machache hivyo. Nikarudi chali. Mara ya pili akasema bado. Mara ya tatu nilifumba macho, nikaacha taya, nikaacha mikono, nikaiacha hata hasira, na nikahisi uzito wangu wote ukimwendea mtoto nisiyemjua, naye akiyumba, akivuta pumzi, akipanga upya magoti yake, akivuta. Nikaenda. Shavu likatua juu ya kiganja changu. Nikasikia akiwaambia wenzake, "Sasa ndiyo. Nani anafuata?"

Walifuata kumi na saba. Kengele ililia tukiwa kwa wa kumi na tatu na mwalimu wa zamu alisimama mlangoni, akatazama, akaondoka zake.

Basi naliona linakuja.

Dada yako